Bao Lisilomuuma Mtu

Ipo nchi inaitwa Shangweni, na anayebisha kwamba haipo ajue tu kuwa hajafika. Idrisa Kolela alifika. Alikuwa fundi redio, mtu wa miaka hamsini na minne, mpole wa uso na mwenye kinyongo cha siku nyingi. Njia aliyopita si muhimu. Muhimu ni kwamba aliingia mji wa Tanuru siku ya Jumamosi alasiri, akakuta maduka yamefungwa, ofisi ya ardhi imefungwa, zahanati ina muuguzi mmoja aliyenuna, na watu wengine wote wako uwanjani.

Akawafuata. Hata hajakaa vizuri, mshambuliaji wa timu ngeni, watu wa Ngome, akamzunguka beki, akamlamba kipa chenga, akausukuma mpira wavuni taratibu kama anayeingiza barua chini ya mlango. Kolela, kwa mazoea ya kwao, akasubiri kelele. Kelele hazikuja. Watu elfu ishirini walinyamaza kimya. Mfungaji mwenyewe alisimama palepale, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Refa aligeuka, akaangalia jukwaa la wenyeji waliofungwa.

Pale jukwaani, katika kiti cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu, aliinuka mama wa makamo, kanga kiunoni na jezi ya Tanuru juu yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akayafuta kwa kiganja, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye kibendera cha kona:

"Limeingia, na limeniuma."

Hapo ndipo refa alipopuliza filimbi. Hapo ndipo watu wa Ngome walipolipuka, na mfungaji akaanza kukimbia kama kichaa.

"Yule mama ni nani?" Kolela alimuuliza jirani yake.

"Mkiri wetu. Bi Somoe. Wewe umetokea wapi hata humjui?"

"Mbali. Na kama asingesema?"

Jirani alimtazama kama mtu aliyeulizwa itakuwaje Jumatatu ikikataa kufika. "Angesemaje vingine? Si limeingia?"

Hiyo ndiyo ilikuwa ibara ya kwanza ya sheria za mpira za Shangweni, iliyoandikwa kabla nchi haijawa na katiba: bao si bao mpaka aliyeumizwa nalo akiri. Kila timu ina Mkiri wake, anachaguliwa na watu wa jukwaani, na lazima awe amelala katika mji ule siku zisizopungua arobaini. Maneno yake ni mawili, na yote mawili lazima yatamkwe. La kwanza ni la jicho, la pili ni la moyo. Likikosekana mojawapo, refa hapulizi. Katika kumbukumbu zote za nchi hiyo, Wakiri waliosema uongo ni wawili tu. Mmoja nyumba yake mpaka leo haina jirani. Wa pili alihama, na inasemekana anachezesha mpira nchi nyingine.

Bi Somoe alikuwa na chumba cha kupangisha na redio mbovu, basi Kolela akapata pa kulala na kazi ya kuanzia. Alitengeneza ile redio, akatengeneza za majirani, siku zikaenda. Na kila siku alijifunza jambo. Alijifunza kwamba Shangweni mtu akihama timu hulazimika kuizika jezi yake ya zamani na kukaa matanga siku saba, na aliowahama huja kumpa pole kwa nyuso kavu, wakila chakula chake. Alijifunza kwamba yupo Waziri wa Furaha, na kwamba ndiye mtu mwenye huzuni kuliko wote serikalini. Alijifunza pia kuwa zamani kila rais wa timu alitakiwa kukaa mechi moja kwa msimu kwenye benchi la juani, lisilo na paa, katikati ya watu wanaomtukana.

"Zamani?" Kolela aliuliza.

"Imefutwa. Mwaka wa tatu huu, Alhamisi, mwezi wa sita. Walisema ni sababu za kiafya." Bi Somoe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, wala hakuinua macho. "Walisaini marais sita. Nikutajie?"

Akawataja, kwa majina ya baba zao na babu zao, na nani alikuja na kalamu ya nani.

"Sisi tulikuwa tunashangilia kombe wiki ile. Hatukuuliza. Watu wakiwa na furaha ndipo wanapoibiwa vizuri."

Lakini kitu alichokizungumza kwa mapenzi kuliko kombe lolote kilikuwa mwaka ule Tanuru waliposhuka daraja. Miaka thelathini na moja nyuma. Timu kubwa, yenye jukwaa la zege, ilimaliza mkiani na ikateremka kwenda kucheza kwenye viwanja vya kwekwe huko mashambani. Huko ndiko walikokutana na Ukoka, timu ya mji mdogo wa wakata majani ya ng'ombe, uwanja wao umeinama kama sahani iliyoegeshwa ukutani. Ukoka wakawafunga tatu. Bi Somoe, msichana wakati huo, alirudi kwa miguu akilia, na kijana aliyembebea viatu vyake njiani ndiye aliyekuja kumwoa. Sasa Ukoka walikuwa wamepanda daraja kwa mara ya kwanza toka dunia iumbwe, na kuelekea mwisho wa msimu Tanuru walitakiwa kwenda kwao.

"Wameshaanza kupaka milingoti ya goli chokaa," alisema. "Miezi miwili kabla."

Siku nyingine naye akamuuliza: "Na kwenu mna timu?"

Kolela aliiacha kahawa yake ipoe. Kisha akamweleza. Kwao kulikuwa na timu inaitwa Karakana, jezi ya njano, timu ya mafundi wa reli. King'ora cha kazi kikilia saa tisa, watu walitoka na mafuta mikononi kwenda moja kwa moja uwanjani. Akaja mtu mwenye suti akasema ataikuza. Akaihamishia mji mwingine, akaivua njano, akaipa jina la soda.

"Nanyi mkafanya nini?"

"Tulinung'unika."

"Wapi?"

"Majumbani."

Bi Somoe hakucheka. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi nilikuwa katibu wa tawi. Niliitwa mkutanoni nikaulizwa nina maoni gani." Akazungusha kikombe. "Nikasema sina."

Basi bwana. Jumapili moja asubuhi, watu wanakunywa chai, marais sita wa timu kubwa walitokea pamoja kwenye runinga wamevaa tai za aina moja. Aliyesoma karatasi alikuwa Mheshimiwa Shibe, rais wa Tanuru, mtu mwenye sauti laini na viatu visivyowahi kukanyaga tope. Akasema kwamba kwa manufaa ya mpira, na baada ya tafakuri ya kina, timu sita zinajitoa katika ligi ya nchi na kuanzisha Kombe la Wateule. Timu zitakuwa hizo sita. Hakuna itakayoshuka, hakuna itakayopanda, mwaka huu na miaka yote. Mechi zilizobaki za ligi zimefutwa, ikiwemo ile ya Ukoka.

"Tunawafikiria wapenzi wa mbali," alisema Mheshimiwa Shibe.

Wapenzi wa mbali walikuwa watu wa nchi za nje ambao hawakuwahi kukanyaga Shangweni, wakitazama mpira wake kwenye vioo vya runinga, majumbani kwao, huku wanakula. Walikuwa wengi sana. Hawakuijua Ukoka, na walipoiona waliuliza kwa nini uwanja umepinda.

Waziri wa Furaha aliulizwa serikali inasemaje. Akasema serikali inafuatilia kwa karibu. Watu wa Shangweni wanajua maana ya neno hilo: hakuna atakayeinuka kitini.

Saa nne asubuhi kijiwe cha kahawa cha Tanuru kilikuwa hakipitiki. Kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza. Mmoja anataka jezi zichomwe. Mwingine anataka mageti ya uwanja yafungwe kwa mnyororo. Yupo aliyesema labda tuangalie na upande mzuri wake, akanyang'anywa kikombe kikiwa mdomoni. Katikati ya vurugu hiyo watu wakaanza kupisha njia, na kelele zikakatika. Mzee wa kijani alikuwa anakuja. Kofia ya kijani, shati la kijani, hata mshipi wa saa. Alikuwa Pongwe, Mkiri wa Mnara, mahasimu wa ng'ambo ya daraja, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kulivuka daraja lile isipokuwa siku za mechi.

"Somoe," alisema.

"Pongwe. Umepotea?"

"Nilikuwa nimekuja kukutukana kama kawaida. Njiani nikaona tuahirishe."

"Kaa. Mpeni kiti. Si hicho, hicho kibovu. Haya, mpeni hichohicho."

Watu wakacheka, mara ya kwanza asubuhi hiyo. Pongwe akakaa kwenye kiti kibovu kwa heshima zote, na wale vijana wa Tanuru waliokuwa wamezoea kumzomea wakamletea kahawa na kashata.

"Mimi nasema tusiende," alianza Pongwe. "Wacheze wenyewe kwa wenyewe. Wacheze na viti."

"Watajaza viti," alisema Bi Somoe. "Watatundika vitambaa vyenye sura za watu, watapiga kanda ya kelele. Mtu wa mbali atajuaje?" Akachomoa kitabu kwapani. Ilikuwa katiba ya Kombe la Wateule, kurasa arobaini, na katika mji mzima ni yeye peke yake aliyeisoma mpaka mwisho. Wengine walisoma kichwa cha habari wakaenda kukasirika. "Humu wamefuta kushuka. Wamefuta kupanda. Benchi la juani halimo, kwa vile walishalifuta. Lakini ibara ya kwanza wameiacha. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Wapenzi wa mbali wanaipenda. Wanapenda nikilia. Imeandikwa hapa, ukurasa wa kumi na saba: Mkiri aonekane karibu, na kilio kisizidi sekunde nane."

"Sekunde nane," alisema Pongwe taratibu. "Mimi hulia dakika nzima."

"Wewe una mengi."

Kijiwe kikacheka tena, lakini Kolela aliona kwamba yule mama hacheki. Alikuwa ameweka kidole kwenye ule mstari kama anayemshika mwizi mkono. Waheshimiwa wale walipitia sheria zote za watu na kung'oa kila jino lililowauma. Ile iliyobaki wakaiacha kwa sababu waliiona ni pambo.

"Tutaenda," alisema. "Tutajaa. Tutakaa. Hatutakiri."

Pongwe akaweka kikombe chini. Uso ulikuwa umembadilika. "Hapo tutagombana, dada. Mimi sijasema uongo kitini pale hata siku moja. Mpira ukiingia, umeingia."

"Nani kakwambia useme haukuingia? Hutasema kitu. Nikuulize: ukinifunga, na mimi sishuki, na wewe hupandi, na mwakani tuko hapohapo, na mwaka unaofuata hapohapo, na Ukoka hawapo wa kutuogopesha. Bao lako litaniuma wapi?"

Mzee yule alifikiri kwa muda mrefu. Alifikiri kweli, kama anajipapasa mwilini kutafuta ufunguo. "Hakuna mahali," alisema mwishowe.

"Basi."

Wakashikana mikono, nyekundu na kijani, na watu waliokuwapo wanasema hawakujua waangalie wapi kwa aibu.

Mechi ya kwanza ya Wateule ilikuwa Tanuru na Mnara. Uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Mpira uliingia wavuni mara saba. Kila ulipoingia wachezaji walisimama, refa akageukia jukwaani, na jukwaani Bi Somoe alikuwa anamenya chungwa. Upande wa pili Pongwe alikuwa anafuta miwani. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyetupa hata ganda. Mshambuliaji mmoja, baada ya kufunga mara ya tatu bure, alikaa juu ya mpira akashika tama. Refa, mtu anayefuata sheria mpaka nyumbani kwake, aliandika sifuri kwa sifuri. Mechi ya pili, Tanuru na Ngome, ikawa hivyohivyo, kwa kuwa Mkiri wa Ngome naye alikuwa ameshakubaliana nao. Wapenzi wa mbali wakaanza kuandika malalamiko kwamba vioo vyao vimeharibika.

Sasa, ipo sheria nyingine pale, ya zamani, ambayo Waheshimiwa hawakuigusa kwa sababu haikuwahi kutumika: shindano lisilopata bao katika mechi tatu huhesabiwa halikuanza. Ilikuwa imebaki moja, Tanuru na Mnara tena. Ndipo Mheshimiwa Shibe alipokumbuka kwamba Mkiri aliyenyamaza mechi mbili anaweza kuondolewa kitini na rais wake, mradi anayewekwa awe amelala mjini siku arobaini. Hakuna mtu wa Tanuru ambaye angekikalia kile kiti. Lakini kulikuwa na mgeni mmoja, fundi redio, siku yake ya sitini na mbili.

Kolela aliitwa ofisini. Zulia lilikuwa jekundu na lenye unyevu kidogo, kwa sababu chumba kilikuwa na baridi ya mashine. Mheshimiwa Shibe alimpa mkono laini.

"Karibu, fundi. Nitakuwa wazi. Nahitaji bao moja tu."

"Mheshimiwa, mimi ningekaa upande wa Tanuru. Bao nitakalokiri ni la kufungwa sisi."

"Ndiyo." Alitabasamu. "Sisi tutafungwa, hatuna wasiwasi. Kufungwa si hasara tena. Hilo ndilo watu wameshindwa kulielewa."

Mheshimiwa akafungua jalada.

"Nimeambiwa kwenu kulikuwa na timu. Karakana. Njano. Mwenye nayo namfahamu, tunakutana kwenye vikao. Sema maneno mawili Jumamosi, na mwezi ujao inarudi kwenye uwanja wake. Jina lake, jezi yake, kila kitu. Mimi nikisema jambo huwa."

Na hapo Kolela aliamini. Ndilo jambo baya kuliko yote: mtu yule hakuwa mwongo. Angeirudisha. Kolela alikiona kile king'ora, aliwaona watu wakitoka na mafuta mikononi, akaona wanamwuliza ameipataje, na yeye anasema hana la kusema.

"Nitakaa kwenye kiti," alisema.

Alirudi akamkuta Bi Somoe uani anaanika nguo, akamwambia yote, hata la Karakana. Mama akaendelea kubana nguo kwa vibanio.

"Hunikasirikii?" aliuliza Kolela.

"Nitakukasirikia Jumamosi, ikibidi. Leo nina nguo."

"Ni timu yangu, Bi Somoe."

"Najua. Ningekuwa mimi ningetamani. Lakini Idrisa, kile kiti hakiulizi unatamani nini. Kinauliza umeona nini, na kimekuuma au hakikukuuma. Usipokichezea hicho, mimi na wewe hatuna ugomvi, hata ukisema ndiyo."

Jumamosi saa kumi jua lilikuwa kali. Kolela alipokaa kwenye kiti chekundu alitegemea matusi, akayapata: "Fundi, ukimaliza hapo uje unitengenezee na mimi moyo." "Mwacheni, redio yenyewe huyu anashika stesheni zote." Bi Somoe alikaa safu ya nyuma yake, kati ya watu, chungwa mkononi, lakini safari hii hakulimenya.

Dakika ya sitini na tatu mshambuliaji wa Mnara alipiga shuti la mbali. Lilikuwa bao zuri, tusilidhulumu. Lilipinda hewani, likagonga mlingoti kwa ndani, likaingia. Wavu ukatikisika na uwanja ukawa kimya. Refa akageuka.

Kolela akasimama. Juu kabisa, nyuma ya kioo, aliwaona marais sita wamesimama pia, na Mheshimiwa Shibe akimtikisia kichwa kwa upole, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi kukumbuka shairi.

"Limeingia," alisema Kolela.

Kule nyuma ya kioo wakaanza kupiga makofi. Refa akaweka filimbi mdomoni, akangoja neno la pili. Watu elfu ishirini wakangoja.

Na Kolela akajipima. Fundi akitaka kujua kama waya una umeme haulizi watu, anaugusa. Alijigusa kifuani kwa uaminifu wote aliokuwa nao, akitafuta mahali bao lile lilipomuuma. Hakukuwa na kitu. Waya ulikuwa mfu. Lakini pembeni yake, alipogusa, kulikuwa na waya mwingine, na huo ulimrusha.

"Halijaniuma," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Halijaniuma. Haliwezi kumuuma mtu. Nimejipekua." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshasimama, na kwa kuwa alikuwa amelibeba hilo miaka kumi na tisa, tangu Karakana iondoke, akaendelea. "Lililoniuma nitawaambia. Niliulizwa maoni siku timu yangu inauzwa, nikasema sina. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tele, nikaogopa mtu mwenye suti. Leo nimeulizwa tena, na aliyeniuliza ameniahidi timu hiyohiyo. Siitaki kwa bei hiyo. Karakana haikuwa ya kupewa na mtu. Refa, andika unavyotakiwa kuandika."

Refa akatoa filimbi mdomoni. Akachukua kalamu, akaandika sifuri.

Kilichofuata hakielezeki vizuri kwa maandishi. Sauti ya watu elfu ishirini waliokaa kimya mechi tatu ilitoka kwa mara moja. Kipa wa Tanuru na mfungaji wa Mnara walikumbatiana, wachezaji wakavua jezi zao wakawarushia watu. Mzee Pongwe alivuka uwanja mzima na kofia yake ya kijani akaja kusimama mbele ya Bi Somoe, na akalia, na kuna aliyempima: dakika moja na sekunde arobaini. Bi Somoe akamgeukia Kolela.

"Kumbe wewe una sauti," alisema. "Ulikuwa umeiweka wapi?"

Refa alingoja dakika tisini ziishe, kwa sababu ndivyo alivyo, halafu akatangaza kwamba Kombe la Wateule halikuwahi kuanza.

Marais walianza kujitoa kabla watu hawajafika makwao. Wa Mnara alisema aliingia ili alirekebishe jambo kutokea ndani. Wa Ngome alisema alidhani anasaini risiti ya chakula. Wa tatu alituma barua isiyo na sababu. Wa nne alikuwa safarini, wa tano alikuwa mgonjwa, na hao wawili walikuwa wameonekana nyuma ya kioo. Hadi Jumatatu adhuhuri alikuwa amebaki Mheshimiwa Shibe peke yake, mteule wa mwisho, na kombe la mtu mmoja halichezeki. Akaja barazani mbele ya watu na karatasi mpya. Alisema amewasikia wapenzi wa Tanuru. Alisema lililopita limepita, na kwa ajili ya umoja ni vyema tulisahau.

"Kusamehe tumekusamehe, Mheshimiwa," alisema Bi Somoe. "Kusahau hatukukubaliana."

Baraza la mpira likakaa siku hiyohiyo. Benchi la juani likarudishwa, na mechi za ligi zilizofutwa nazo zikarudishwa. Ikaandikwa kwamba kila siku ya kwanza ya msimu, kabla mpira haujaguswa, majina sita yatasomwa katika kila uwanja wa nchi, pamoja na majina ya baba zao, bila matusi na bila kuruka hata moja. Waziri wa Furaha alisema serikali ilikuwa upande wa wananchi tangu mwanzo, na watu wakamwacha aseme.

Kolela naye aliandika barua kwenda kwao siku hiyo. Wote waliowahi kuvaa njano wakutane kwenye uwanja wa zamani Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, hata kama hakuna mpira. Aliweka sahihi yake na cheo chake: katibu wa tawi.

Lakini kabla hajaondoka, Jumamosi iliyofuata, alikwenda na Tanuru nzima hadi Ukoka. Milingoti ilikuwa imepakwa chokaa mara tatu. Wakata majani walikuwa wamekata uwanja mpaka unang'aa, lakini kuunyoosha hawakuweza. Mheshimiwa Shibe alikaa kwenye benchi la juani dakika tisini bila mwavuli, kati ya bibi kizee mwenye kengele ya ng'ombe na kinyozi wa kijiji, na kinyozi hakunyamaza hata mara moja. Ukoka walifunga mawili. Tanuru walifunga moja. Bi Somoe alisimama mara mbili akasema maneno yake yote mawili, na kilio chake hakuna aliyekihesabu sekunde. Kwa kufungwa huko Tanuru wakashika nafasi ya tatu kutoka mkiani, wakiwa na kila sababu ya kuogopa.

Na watu wa Tanuru, wakirudi kwa miguu kwenye ile barabara ya vumbi, waliimba. Waliimba vibaya, kwa sauti zilizokauka, wakubwa kwa wadogo, jezi zimelowa jasho. Mama mmoja wa Ukoka aliyekuwa anachoma mihogo kando ya njia aliwatazama wanavyopita, akashindwa kuvumilia.

"Jamani, si mmefungwa nyie?"

"Tumefungwa, mama," alisema Kolela. "Mbili kwa moja."

"Na mnaimba?"

"Tunaimba."

Mama akatikisa kichwa. Akamkatia kipande cha muhogo, akakipaka chumvi na pilipili, akamnyooshea. "Wendawazimu watupu. Haya, na mwakani mje tena tuwafunge."

Kolela alikuwa na muhogo mdomoni, hakuweza kujibu. Walimjibia waliokuwa nyuma yake, watu zaidi ya mia mbili, bila kuambizana:

"Tutakuja."